UZI: Mbunge mpya wa jimbo dogo Marekani aliwabana watengenezaji wa magari 1982. Sisi tunakwama wapi?

#1 Kapteni Mbaazi
Wakuu, habari za jioni.

Connecticut ni jimbo dogo kuliko mkoa wa Tanga. Mwaka 1982 mbunge mpya wa bunge la jimbo hilo, John Woodcock, wakili wa mji wa South Windsor, alisimamia muswada ambao ulikuwa haujapata kuonekana Marekani. Unasema hivi: umenunua gari jipya, likawa kimeo, umelirudisha mara nne kwa ugonjwa uleule na halijapona, au limelala gereji jumla ya siku 30, basi aliyelitengeneza akubadilishie au akurudishie hela yako. Sheria ilianza kazi Oktoba 1, 1982. Leo majimbo yote 50 yana sheria ya namna hiyo.

Hoja yangu ni fupi. Mtu ambaye bado anaulizia vyoo vya bunge viko wapi aliwabana General Motors na Ford. Sisi tuna bunge zima na kila siku mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Mnasemaje?

#2 Mnyama wa Kigamboni
Siti ya mbele. Kahawa ninayo, wa kashata asogee.

#3 Wakili wa Mtaa
Mleta mada, umetia chumvi. Mwaka huohuo 1982 California walipitisha ya kwao, na aliyeibeba ni mama, Sally Tanner, mbunge wa El Monte. Gavana Jerry Brown aliisaini, ikaanza Januari 1983. Connecticut waliwahi kwa miezi michache tu.

Halafu California hawakuanzia sifuri. Tangu 1970 walikuwa na sheria ya dhamana za bidhaa yenye majina ya Alfred Song na Robert Beverly. Ilikuwa inasema mtengenezaji akishindwa kurekebisha bidhaa baada ya majaribio "ya kiasi", arudishe fedha. Shida ni hapo kwenye "ya kiasi". Ukienda mahakamani wewe unasema mara tatu zinatosha, wakili wao anasema hata mara kumi na mbili bado wanajaribu. Mama Tanner alichofanya ni kutia namba. Mara nne. Siku 30. Ubishi ukageuka hesabu.

#4 Dereva wa Tunduma
Kwa hiyo huyo Woodcock ni wa kwanza au si wa kwanza? Mimi nataka jibu moja nikalale.

#5 Wakili wa Mtaa
Wa kwanza kwa sheria ya magari peke yake iliyokamilika hivyo. Lakini habari ya "mtu mmoja aliamka asubuhi akawabana" ni chai.

#6 Kapteni Mbaazi
Chai ina sukari mkuu, kunywa. Wa kwanza ni wa kwanza.

#7 Mgeni wa Lowell
Nipo Massachusetts mwaka wa kumi na kitu sasa, na hii sheria nimeipitia mwilini, sijaisoma tu.

Nilinunua gari jipya la familia, kampuni kubwa, jina nalihifadhi. Asubuhi ya baridi gia ya pili kwenda ya tatu gari linashtuka kama limegongwa kwa nyuma. Nikalipeleka kwa muuzaji. Wanalizungusha mchana jua limewaka, injini imepata moto, wanakurudishia: "Tumelijaribu, halina kitu." Nikaenda tena, yaleyale.

Mzee mmoja Mkenya wa kanisani kwetu akaniuliza, "Karatasi zako ziko wapi?" Sina. Nilikuwa naacha gari, naondoka, napigiwa simu nije nichukue. Akanicheka. Akaniambia kwa sheria hii safari isiyo na karatasi haikutokea.

Kuanzia hapo sikutoka kaunta bila karatasi ya kazi. Ina sehemu ya tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, maili za kuingia, maili za kutoka, na malalamiko ya mteja. Yule kijana wa kaunta aliandika "mteja anaomba ukaguzi wa kawaida." Nikakataa kusaini. Nikamwambia andika maneno yangu: gia inashtuka ya pili kwenda ya tatu injini ikiwa ya baridi. Akamwita bosi wake. Bosi akaja anatabasamu, akasoma, akaandika. Nadhani alijua huyu sasa ameambiwa. Na gari nikaliacha lilale kwao, ili walijaribu alfajiri wenyewe.

Mwisho nikapeleka barua ya rejista kwa mtengenezaji, nikaambatanisha nakala. Walilinunua tena gari lao. Walikata fedha kidogo kwa maili nilizotembea, lakini nilishukuru.

#8 Shangazi Kaja
@Mgeni wa Lowell pole kaka, na asante kwa darasa. Hapo kwenye "ukaguzi wa kawaida" ndipo watu wanapoliwa. Gari limeumwa mara tano, karatasi zinasema limekuja kuoshwa.

Halafu mleta mada kasema mara nne siku 30. Huko kwenu si ni tofauti?

#9 Mgeni wa Lowell
Tofauti, shangazi. Massachusetts ni mara tatu, au siku 15 za kazi, ndani ya mwaka mmoja au maili 15,000, kinachotangulia. Kila jimbo lina hesabu yake. California kama kasoro inaweza kuua, breki au usukani, mara mbili zinatosha.

#10 Nyundo ya Gerezani
Mimi ni fundi, sheria siijui. Ila nawaambia kitu: kasoro inayokuja na kuondoka ndiyo ugonjwa mbaya kuliko yote. Gari likizima barabarani likifika gereji linawaka, fundi utamlaumu bure. Hiyo mara nne kuna mafundi waaminifu itawaonea.

#11 Wakili wa Mtaa
@Nyundo ya Gerezani haimgusi fundi. Mzigo anabebeshwa mtengenezaji. Na nadhani ndiyo siri ya kupita kwake. Wauzaji wa magari ni watu wa mtaani, wanachangia kampeni, mbunge anakutana nao sokoni. Ukiandika sheria ya kuwabana wao, wanajaza ukumbi. Ukiandika ya kumbana mtengenezaji aliyeko Detroit, muuzaji naye anapumua, maana mteja mwenye hasira alikuwa anamalizia kwake.

#12 Ndizi Mshale
Mimi naona sababu ni nyepesi zaidi. Connecticut kwao ni Hartford na kampuni za bima. Detroit ipo Michigan. Mbunge wa Connecticut hakuwa anahatarisha ajira za wapiga kura wake. Angalieni Michigan wenyewe walipata sheria yao lini: 1986. Kila mtu ana ujasiri kwa jirani.

#13 Binti Pangani
@Ndizi Mshale hoja nzuri ila haifiki mwisho. California walikuwa na viwanda vya magari, General Motors walikuwa Fremont na Van Nuys, na bado walipitisha mwaka uleule. Kwa nadharia yako walitakiwa kuwa nyuma na Michigan.

#14 Ndizi Mshale
Fremont GM waliufunga mwaka huohuo 1982 dada. Mtu akishafunga virago unamwogopea nini?

#15 Binti Pangani
Van Nuys hawakufunga. Usikwepe.

#16 Mnyama wa Kigamboni
Kashata zimefika. Endeleeni.

#17 Mzee wa Ubungo
Vijana, mnasahau hali ya wakati ule. Desemba 1980 riba ambayo mabenki ya Marekani yalikuwa yanawatoza wateja wao wakubwa ilifika asilimia 21.5. Mwananchi anakopa gari kwa riba ya kukaba koo, na gari lenyewe ni bovu. General Motors walikuwa wametoa Chevrolet Citation mwaka 1979, ikanunuliwa sana, ikaitwa irudishwe kiwandani mara kwa mara, na 1983 serikali ikawashtaki kwa breki za nyuma zinazojibana. Chrysler ilikuwa imeokolewa na dhamana ya serikali. Pembeni Mjapani anauza gari dogo lisilosumbua. Watu walikuwa wamechoka. Mbunge yeyote angeleta muswada huo angepigiwa makofi.

#18 Kapteni Mbaazi
Shikamoo mzee. Lakini "mbunge yeyote" walikuwepo majimbo 50 na aliyeleta ni yeye.

#19 Mzee wa Ubungo
Marahaba. Mtu akiokota embe lililoiva chini ya mti, usimwite mkulima.

#20 Wakili wa Mtaa
Naongeza la kisheria, litawasaidia wote wawili. Mwaka 1975 serikali kuu ya Marekani ilipata sheria ya dhamana, Magnuson-Moss. Iligawa dhamana mafungu mawili: kamili na yenye mipaka. Ukitoa dhamana kamili, ukishindwa kurekebisha unarudisha fedha au unabadilisha. Ukitoa yenye mipaka, unaendelea kurekebisha tu. Watengenezaji wa magari wangechagua ipi? Yenye mipaka, bila shaka. Haikuwapo njia ya kuwalazimisha kuchagua nyingine.

Kwa hiyo mwenye gari alikuwa na haki ya kurekebishiwa milele. Gereji, nyumbani, gereji, nyumbani. Woodcock aliziba tundu hilo. Serikali kuu iliacha mlango wazi, jimbo likaufunga.

Na mahakama zilikuwa zimeshaanza kuchoka kabla. Kuna kesi ya New Jersey iliyoamuliwa 1968: mnunuzi alitoka na gari jipya kwa muuzaji, halikufika hata maili moja likaanza kuzima, mkewe ikabidi alifikishe nyumbani kwa gia ya chini. Akapiga simu benki wazuie hundi. Muuzaji akabadilisha giaboksi akasema haya, njoo uchukue. Mahakama ikasema hapana, imani ya mnunuzi kwa gari hilo imeshavunjika, kubandika giaboksi nyingine hakuirudishi. Mnunuzi akashinda. Lakini ni wangapi wana moyo wa kuzuia hundi na kwenda mahakamani?

#21 Dereva wa Tunduma
Mke ndiye alikuwa anaendesha? Huyo bwana alikuwa anafanya nini?

#22 Shangazi Kaja
Alikuwa anapiga simu benki, hujasoma?

#23 Kipanga wa Mtwapa
Kuna upande hamjaugusa. Mwaka huohuo 1982, mwezi Mei, bunge la Marekani liliipiga chini kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu iliyotaka wauza magari yaliyotumika wabandike dirishani kasoro wanazozijua. Wauzaji walikuwa wamelishawishi bunge sana. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikasema bunge halina mamlaka ya kufuta kanuni kwa kura ya namna ile. Kanuni ikarudi, ikaanza 1985, lakini ile ya kutaja kasoro imeshanyofolewa. Kilichobaki ni karatasi ya kusema gari lina dhamana au halina.

Kwa hiyo jimboni mnunuzi anapewa, Washington ananyang'anywa, mwaka mmoja. Ndiyo maana mimi nasema majimbo yaliingia kwa sababu serikali kuu ilikuwa inajitoa. Ya Detroit na mabenki ni nyongeza.

#24 Nyundo ya Gerezani
Kumbe hata huko muuza mtumba ana nguvu kuliko mtengenezaji. Sasa turudi nyumbani. Sisi gari jipya nani ananunua? Sheria ya gari jipya kwetu ni kama sheria ya theluji.

#25 Chongo la Ilala
HAPO SASA. Mimi nilinunua mkononi, namba D, dalali kanipeleka usiku, gari linang'aa. Injini kimya kama msikitini. Kumbe wameijaza oili nzito. Wiki haijaisha inakula oili, moshi wa bluu, na ikipanda mlima inachemsha. Nikampigia dalali, akaniambia "Kaka, gari umelikagua mwenyewe." Mwenye gari simu haipatikani hadi leo.

#26 Dereva wa Tunduma
Gari linakaguliwa usiku? Mkuu na wewe.

#27 Nyundo ya Gerezani
@Chongo la Ilala kwa manufaa ya wengine. Gari nenda asubuhi, lisiwe limewashwa. Shika boneti kwa mkono, ikiwa ya moto kabla hujawashiwa wamekuwahi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, pakitoka moshi wa kusukuma toka hapo. Kilomita usiziamini, angalia pedali ya breki na usukani ulivyolika. Pedali imechongeka hadi chuma halafu dashibodi inasema kilomita 60,000? Hilo limerudishwa.

#28 Binti Pangani
Na waagizaji wa Japani waombe karatasi ya mnada yenye namba ya chesisi, walinganishe wenyewe. Ikiwa na R, gari lilishagongwa likarekebishwa. Wajanja wanatengeneza karatasi bandia, kwa hiyo usipokee picha ya simu peke yake.

#29 Wakili wa Mtaa
Tusiseme hatuna sheria kabisa. Tanzania tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya wana ya kwao, zote zimetoka kwenye ya Waingereza ya 1893. Muuzaji ambaye hiyo ndiyo kazi yake anatakiwa akupe kitu chenye ubora wa kuuzika. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume yake. Kenya wana Katiba ya 2010 ibara ya 46 na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Afrika Kusini ndio wamekwenda mbali: miezi 6 unaweza kurudisha bidhaa yenye kasoro, uchague kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha.

Kinachokosekana kwetu ni ile namba. "Ubora wa kuuzika" wa Corolla ya miaka 15 ni upi? Hakimu atapima kwa nini?

Halafu @Chongo la Ilala, kesi yako ni ngumu kwa sababu uliuziwa na mtu binafsi. Hapo mnunuzi ajihadhari mwenyewe.

#30 Mgeni wa Lowell
Mtumba nao unawezekana kuwekewa namba. Massachusetts muuzaji mwenye yadi lazima akupe dhamana kulingana na maili. Chini ya maili 40,000, siku 90 au maili 3,750. Kuanzia 40,000 hadi chini ya 80,000, siku 60 au maili 2,500. Kutoka 80,000 hadi chini ya 125,000, siku 30 au maili 1,250. Juu ya hapo, wewe na Mungu wako. Jedwali tu, mtoto wa darasa la tano analisoma.

#31 Ndizi Mshale
Ukileta jedwali hilo Dar, kila gari yadi litakuwa na maili 125,001.

#32 Kapteni Mbaazi
😂😂 Umemaliza.

#33 Ami wa Malindi
Asalaam aleikum. Nawasoma mnavyowatukuza wabunge wa 1982. Kwenye fiqhi kuna hiyari ya aibu, yaani ya kasoro: kitu kina aibu iliyofichwa tangu kwa muuzaji, mnunuzi hakuijua, ana haki ya kukirudisha. Na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu, akamuuliza mwenyewe kwa nini hukuuweka juu watu wauone. Wakongwe wetu wa pwani walikuwa wanauziana hata majahazi kwa utaratibu huo.

#34 Kipanga wa Mtwapa
Waleikum salaam ami. Ni kweli, lakini hapo inabidi uthibitishe aibu ilikuwepo kabla. Ndiyo ugomvi uleule wa giaboksi. Ya Connecticut mnunuzi haulizwi aibu ilianza lini, anaulizwa karatasi ngapi.

#35 Ami wa Malindi
Mwenye kuogopa Mungu haulizwi karatasi.

#36 Dereva wa Tunduma
Ami, dalali wa @Chongo la Ilala anaogopa nini?

#37 Pweza wa Sacramento
Nimechelewa. Nipo California, naongezea mawili kabla hamjaihusudu sana. Kwanza makato aliyosema Mgeni wa Lowell: huku wanachukua maili ulizokuwa nazo siku ya kwanza ulipolipeleka, wanagawanya kwa 120,000, wanazidisha na bei. Gari la dola 36,000, ulilipeleka likiwa na maili 6,000, wanakata dola 1,800. Kwa hiyo usisubiri, peleka mapema.

Pili, Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya California ilisema gari lililotumika, hata likiwa na dhamana ya kiwandani iliyobaki, si "gari jipya" kwa haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Watu wengi wetu hununua la miaka miwili kwa mtu, hao wameachwa. Na mwaka huohuo gavana alisaini mabadiliko ya utaratibu wa kesi, 2025 wakaruhusu mtengenezaji achague kuingia au kubaki nje ya utaratibu huo. Miaka 40 baadaye bado wanavutana kamba.

#38 Binti Pangani
Na Connecticut wenyewe haikuishia 1982. Watu waligundua kumpeleka mtengenezaji mahakamani ni ghali, ndipo 1984 Woodcock akarudi na sehemu ya pili: usuluhishi unaosimamiwa na idara ya jimbo ya kulinda walaji, ili usilazimike kuanza na wakili. Watengenezaji wakapinga mahakamani kwamba wananyimwa haki yao, mahakama kuu kabisa ya jimbo ikawakatalia 1989. Kwangu mimi hii ya 1984 ni kubwa kuliko ya kwanza. @Kapteni Mbaazi ungeanza na hii.

#39 Kapteni Mbaazi
Ningeanza na hii mngebishana nini kurasa zote hizi?

#40 Mzee wa Ubungo
Na yale waliyonunua tena wanayapeleka wapi? Hayatupwi.

#41 Mgeni wa Lowell
Yanauzwa tena, mzee. Majimbo mengi hati inapigwa muhuri kwamba gari lilirudishwa kwa mtengenezaji. Bei inashuka, linakwenda mnadani. Kuna watu walivusha gari jimbo jingine, muhuri ukapotea njiani. Na mengine yanapanda meli.

#42 Mwami wa Uvira
Yanapanda meli, mimi nimeyaona. Ya usukani wa kushoto Kenya na Tanzania hamyataki, sisi Congo na Burundi twayapokea. Wallahi kuna moja liko hapa karibu na bandari, dashibodi inaandika maili, kila asubuhi mwenyewe anamwita kijana alisukume.

#43 Chongo la Ilala
Mwami, waulize ni automatiki au manyuo. Automatiki huwezi kuliwasha kwa kusukuma.

#44 Nyundo ya Gerezani
Unajua hilo na ulinunua gari usiku?

#45 Shangazi Kaja
@Mgeni wa Lowell, ile barua ya rejista uliyoandika, unaweza kuibandika hapa ukiwa umefuta majina? Mdogo wangu yuko Worcester, gari lake jipya limelala kwa muuzaji tangu wiki iliyopita na hana karatasi hata moja.

#46 Mgeni wa Lowell
Nitaibandika kesho shangazi, iko kwenye kompyuta ya kazini. Ila asisubiri barua. Aende kesho asubuhi adai karatasi ya kazi yenye tarehe aliyoliacha, siyo tarehe ya leo.